Faili la Afande

Umeme wa Kampala ulinifundisha tabia ambayo vidole vyangu havijaiacha hadi leo. Nikimaliza mstari, kabla sijavuta pumzi, mkono wa kushoto unabonyeza vitufe viwili vya kuhifadhi. Miaka ile umeme ulikuwa wa zamu. Siku moja mtaa wetu unao, siku ya pili hauna, na hata siku ya zamu yetu uliweza kukatika katikati ya neno. Katika wiki yangu ya kwanza kazini nilipoteza kurasa tatu za barua ya mteja, mwenyewe akiwa amesimama nyuma yangu anatazama saa. Tangu siku hiyo nilihifadhi kila mstari. Madam mwenye ofisi, Mganda, alinisifu kwa hilo. Aliwaambia wateja kwamba kwa Mkenya wake hakuna kitu kinachopotea.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja Old Kampala, juu ya duka la vitambaa, katika nyumba ya zamani ya Wahindi yenye ngazi za mbao. Tulikuwa wawili, madam na mimi, kila mtu na kompyuta yake, na printa moja katikati yetu. Tulichapa barua za kuomba kazi, mialiko ya vikao vya harusi, programu za mazishi, na viapo vya watu waliopotelewa na hati zao. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Kenya nikitaka kuandikia magazeti. Magazeti yalinunua habari zangu mara chache, uchapaji ukanilisha. Lakini daftari niliendelea kutembea nalo, na kila nilichokiona kilikuwa na ukurasa wake.

Katika kazi ile hakuna aliyeanza na ukurasa mtupu. Mteja akileta kiapo, ulifungua kiapo kilichotangulia, ambacho tayari kilikuwa na kichwa katikati, mistari iliyoachana vizuri na nafasi ya sahihi chini. Ukaliita faili jina jipya, ukafuta maneno ya mtu wa jana, ukaandika ya mtu wa leo. Ofisi zote za uchapaji nilizozijua mjini zilifanya hivyo. Kila hati ilivaa nguo za hati iliyoitangulia. Sharti lilikuwa moja tu: jina jipya kwanza, kufuta baadaye.

Nilikaa Kyebando, katika vyumba vya kupanga vilivyotazamana uani. Mlango ulionikabili ulikuwa wa polisi mstaafu, Mwacholi, ambaye wote tulimwita afande. Mkewe alitoka mkoa wa Nile Magharibi. Yeye Mwislamu, mumewe Mkatoliki. Walikutana katika kambi ya polisi na kuzaa watoto wanne kambini, na lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili kilekile cha kambini. Mke hakuwahi kufika nyumbani kwao mumewe, kaskazini. Miaka yote ya ndoa yao kule kulikuwa na vita, na watu wa huko walikuwa wamehamishiwa kambi za wakimbizi, mashamba yamerudi kuwa pori.

Afande aliniita raia. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia, na kila asubuhi alitoa kiti chake juani.

“Raia, toka nje. Jua iko bure, hakuna risiti.”

Jumapili moja aliniuliza kama najua kuchapa taarifa ya polisi. Nikamwuliza taarifa ya nini.

“Ya mama yangu,” akasema. “Iko chini ya ardhi, na mimi peke yangu najua ni wapi.”

Ndipo akanieleza. Mama yake alipofariki, yeye alipata ruhusa ya siku mbili. Yeye na kaka zake wawili walimzika alfajiri, haraka, kwa sababu milio ya bunduki ilikuwa inasikika ng'ambo ya kijito. Hawakuweka msalaba wala saruji. Kaka zake wote wawili baadaye walikufa. Miti iliyokuwa pale, alisikia, ilikatwa kwa ajili ya makaa. Sasa watu walikuwa wameanza kutoka kambini kurudi kwenye mashamba, na kule kwao mtu huonyesha shamba ni lake kwa kuonyesha makaburi ya watu wake. Watoto wake walizaliwa Kampala. Wangeonyesha nini?

Nilichukua taarifa ile kwa Jumapili sita. Aliitoa kipolisi, kifua mbele, macho yakiwa ukutani. “Mimi nasema haya kwa akili yangu mwenyewe, hakuna mtu amenilazimisha.” Alianza na jiwe. Kulikuwa na mwamba mpana kwenye shamba la baba yake, wenye mashimo matatu ambayo wanawake wa ukoo walikuwa wakisagia mtama, shimo moja kubwa na mawili madogo. Miti hukatwa, alisema, nyumba huanguka, lakini mwamba hauhami. Unasimama kwenye shimo kubwa, kijito kikiwa mgongoni mwako, unahesabu hatua. Alitaja idadi yake. Nikaiandika kwenye daftari.

“Hatua ya gwaride, raia. Si hatua yako hiyo ya kuku.”

Kisha, kwa kuwa nilicheka, aliinuka kunionyesha. Alisimama kwenye kizingiti cha mlango wake, akakaza mgongo, akapiga hatua za gwaride kukatiza uani mpaka kwenye jiko la makaa la jirani wa mwisho. Alifika anahema. Akaugeukia mlango wake, akainua mkono mzima, vidole viwili juu. “Hii, mara mbili,” akasema. “Hapo ndipo mama analala.”

Kila Jumatatu nilichapa ya Jumapili. Nilikuwa na utaratibu wangu: ukurasa wa daftari ukishachapwa, nauchana, kwa sababu sikupenda kitu kimoja kiwe mahali pawili. Karatasi nilimpa mama aliyeuza karanga chini ya ngazi zetu, akasokota vifuko. Mara moja tu nilinakili faili lile kwenye disketi, nikaibandika jina na kuiweka katika bati la biskuti. Nilimwomba afande nimtolee nakala ya karatasi akae nayo. Alikataa.

“Karatasi ikitoka leo, kesho watoto wa ndugu zangu wako na kamba wanapima shamba, na mimi bado nakunywa uji. Nikimaliza kusema, naweka kidole, wewe unatoa. Sasa hivi iache ilale kwa mashine.”

Ikalala. Jumapili ya saba afande alikuwa amelazwa hospitalini, kwa hiyo sikuwa na kipya cha kuchapa.

Mkewe alipanda ngazi zile za mbao asubuhi moja ya katikati ya wiki. Hakuwahi kuja ofisini kabla. Nilijua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa amevaa viatu visivyofanana.

“Mkenya, afande ametuacha. Alfajiri, hospitalini.”

Madam akaacha kuchapa. “Bambi,” akasema, pole ya Kiganda, akamsogezea kiti. Mke wa afande hakukaa. Alisema lori la kumpeleka mumewe nyumbani limepatikana, litaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Ndugu wa marehemu walishapiga simu. Walisema azikwe pale ilipokuwa kambi, kando ya barabara, pamoja na wengine waliokufa kambini, kwa kuwa shamba la baba yake hakuna ajuaye lilianzia wapi.

“Akizikwa barabarani, watoto wangu hawana kwao,” akasema. “Watawaambia nyinyi ni watoto wa mwanamke wa Nile Magharibi, rudini kwa mama yenu. Afande aliniambia usiogope, karatasi iko kwa Mkenya. Nipe karatasi.”

Nilimwambia ndiyo, karatasi ipo. Nilimwambia aende ashughulikie mwili, arudi saa saba ataikuta imechapwa, nakala tatu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua vitu vyake vilipo.

Alipoondoka nilifungua folda yangu. Faili la afande lilikuwa mahali pake, kwa jina nililolibandika. Nikalifungua.

Kichwa kilikuwa kilekile. Chini yake mtu mmoja alikuwa anaapa kwamba yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu, mkazi wa Namuwongo, na kwamba leseni yake ya udereva ilimpotea mahali asipopajua.

Nilisoma mpaka mwisho. Kilikuwa kiapo cha nusu ukurasa. Nikafunga, nikafungua tena. Yule mtu wa Namuwongo bado alikuwa anaapa. Nilifungua mafaili yote ya folda ile, moja baada ya jingine, harusi, mazishi, kuomba kazi. Nikaingia kwenye kapu la vilivyofutwa. Lilikuwa tupu, kwa sababu mimi mwenyewe nililimwaga kila Ijumaa. Nikaiagiza mashine itafute neno “kijito”, kisha “jiwe”, kisha “mama”. Kwa “mama” ilileta mialiko kumi na miwili ya harusi.

Nikakimbilia bati la biskuti. Disketi ilikuwa pale, na jina lake kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaitia. Mashine ikakoroma, ikatulia, ikakoroma tena, kisha ikaniuliza kwa Kiingereza chake: disketi hii haijaandaliwa, je, niiandae sasa? Nilijua maana ya kuandaliwa. Ilikuwa inaniomba ruhusa ya kufuta.

“Toa, toa,” madam akasema. Aliipuliza, akaifuta kwa ncha ya gauni lake la gomesi. “Jalibu kwa yangu.” Tukajaribu kwa yake. Ikatuuliza swali lilelile.

Hapo ndipo nilipomgeukia. Siku mbili wiki iliyotangulia kompyuta yake ilikuwa imeharibika akatumia yangu, na mimi nilikuwa nimelikumbuka hilo tangu nilipoona kiapo kile. Nilimwambia ameua faili la marehemu. Nilimwambia mtu aliyechapa miaka yote hiyo angepaswa kujua jina jipya hutangulia. Nilisema kwa sauti ambayo duka la vitambaa walisikia.

Madam alivaa miwani, akainamia kioo changu, akashuka mpaka mwisho wa kiapo.

“Ssebo, bwana wangu, usinipigie kelele kwa ofisi yangu. Soma hapo chini. Hiyo alama ni ya nani?”

Ofisini kwetu kila mchapaji aliweka herufi za jina lake chini kabisa, ndogo, ili mteja akirudi na lawama ijulikane ni ya nani. Herufi zilikuwa zangu. Nilitazama saa ya faili. Alhamisi iliyopita, saa nne na dakika tano.

Nikakumbuka kila kitu, na kukumbuka kwenyewe kulikuwa adhabu. Alhamisi asubuhi nilikuwa nimefungua faili la afande niongeze sentensi moja. Akaingia dereva, trafiki wameshika gari lake, anataka kiapo sasa hivi. Taarifa ya afande ilikuwa mbele yangu, imepangwa vizuri. Nikafuta chini ya kichwa, nikaanza kumwandikia dereva, nikikusudia kuliita faili jina jipya nikimaliza. Lakini nilipomaliza mstari wa kwanza, mkono wa kushoto ulifanya kazi yake. Nilihifadhi. Mstari wa pili, nikahifadhi. Sikuusubiri umeme unitende. Mimi mwenyewe nilimfuta mama wa afande, mstari kwa mstari, kwa bidii ile iliyonipatia sifa.

“Madam, nisamehe,” nikasema.

“Kale, haya basi. Utaomba msamaha jioni. Daftari lako liko wapi?”

Nilishuka ngazi mbilimbili. Mama wa karanga alikuwa pale, beseni mapajani. Nilimwuliza karatasi zangu, zile za kuandikwa kwa mkono.

“Ziliisha Jumamosi.”

“Zote?”

“Ssebo, unataka nikae nazo? Na wino yako ilikuwa inachafua karanga, watu wanalalamika.”

Nilipiga magoti nikaangalia vifuko alivyokuwa amepanga. Nilifungua kimoja kimoja, yeye anapiga kelele, karanga zinamwagika. Karatasi zake zilikuwa programu za mazishi zilizoharibika kwenye printa, na kazi ya hesabu ya mtoto wa shule. Watu wa mjini walikuwa wamekula karanga kutoka katika kaburi la mama wa afande, wakatupa karatasi barabarani.

Nilirudi juu. Kuna mahali pa siri ambapo mashine huweka vipande vya kazi isiyokwisha. Nilijua jinsi ya kufika, na nilikuwa nimeanza kufika. Nilifungua kipande cha kwanza. Kilijaa visanduku na alama zisizosomeka, na katikati yake, kama mtu anayezungumza akiwa usingizini, maneno “hakuna mtu amenilazimisha”. Nikashusha ukurasa. Umeme ukakatika.

Ilikuwa siku yetu ya kuwa na umeme. Madam alichungulia dirishani, akatazama mtaa mzima hadi kwenye msikiti. “Hakuna popote,” akasema. Kipande kile nilikitafuta siku tatu baadaye, umeme uliporudi sawasawa. Hakikuwepo.

Nikachukua kalamu. Niliandika kila nilichokuwa nacho kichwani, na nilishangaa nilikuwa na mengi. Nilikumbuka jiwe na mashimo yake matatu, lipi kubwa. Nilikumbuka kijito mgongoni. Nilikumbuka kwamba kaka mkubwa ndiye aliyeshika jembe, na kwamba afande alivua soksi zake akafunika nazo mikono ya mama yake kwa sababu hapakuwa na shuka ya kutosha. Nilikumbuka nzi aliyetua kwenye uji wakati afande akisema hayo. Idadi ya hatua sikuikumbuka. Niliitafuta kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Ishirini na kitu? Arobaini? Nilikuwa nimeitia kwenye mashine, na nilichokitia kwenye mashine nilikitoa kichwani.

Mke wa afande alirudi saa saba. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia ni mimi. Sikutaja umeme wala dereva.

“Afande alikuwa anasema wewe uko na akili ya kupanga vitu,” akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga.

Ndipo nilipoviona tena akilini vile vidole viwili vya afande. Nilimweleza kuhusu siku ile ya gwaride. Hakuwepo, alikuwa sokoni. Kabla sijamaliza alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.

Kyebando tulifungua kamba ya kuanikia nguo, ile ndefu, nguo za jirani tukaziweka juu ya ukuta. Yeye alikaa kwenye kizingiti chake ameshika ncha moja. Mimi nilitembea na nyingine, polepole, mpaka kwa jirani wa mwisho. Wanawake wa uani walisimama milangoni. Walishasikia msiba, hakuna aliyeuliza.

“Hapa,” nikasema. “Jiko lilikuwa hapa.”

“Jiko linahama, Mkenya,” akajibu kutoka kule. “Kila siku linahama.”

Nilitazama chini. Ardhi ilikuwa na alama nyeusi mbili za makaa, moja karibu na mlango wa jirani, nyingine kama hatua tatu mbele zaidi, mbali na kizingiti cha afande. Jirani alisema mvua ikinyesha hupika huku mlangoni, jua likiwaka hupika kule mbele. Nilifumba macho. Afande alikuwa anahema. Alikuwa amejishika ukutani? Nilimwona amejishika ukutani. Kisha nikamwona amesimama wazi, hajashika kitu, vidole viwili juu. Picha zote mbili zilikuwa kamili, na moja nilikuwa nimeitunga.

“Siku hiyo kulikuwa na jua?” mjane akauliza.

Afande alikuwa amenitania kuhusu jua siku nyingi. Kuhusu siku hiyo sikukumbuka. Nilisimama pale katikati ya alama mbili, mtu mzima, nimeshika ncha ya kamba, mpaka aliposema kwa sauti ya chini, “Chagua.”

Nikachagua ya mbali. Tukafunga fundo kwenye kamba kuweka alama ya urefu huo. Nilimpa kamba na karatasi yangu ya kalamu, kurasa mbili, na chini kabisa nikaweka herufi zangu. Nikamwambia: mara mbili, kutoka shimo kubwa, kijito mgongoni. Akarudia maneno hayo mara tatu, kama mtoto anayetumwa dukani. Alfajiri nilisikia lori likiondoka.

Alirudi baada ya majuma mawili, amekonda. Alinikuta nimekaa kwenye kiti cha afande. Nikainuka haraka, akanipa ishara nikae. Alisema jiwe waliliona. Lilikuwa limefunikwa na nyasi, lakini mashimo yalikuwa matatu, na wazee walipoliona walikubali kwamba shamba ni la baba yake. Walipima kwa kamba, mara mbili. Ikafika kwenye nyasi tupu. Mzee mmoja akasema ni hapa, mwingine akasema hapana, ilikuwa kushoto kidogo, na wa tatu akasema hawezi kujua. Walichimba taratibu. Hawakukuta kitu.

“Mkamzika?”

“Tukamzika hapo. Jua lilikuwa linatuishia.”

Niliuliza nilichoogopa kuuliza. “Na mama yake?”

Aliitoa kamba kwenye mfuko wake, akalifungua lile fundo kwa meno.

“Mmoja yuko hapo, mwingine yuko karibu,” akasema. “Watajuana wenyewe.”

Akaifunga kamba kwenye nguzo zake na kuleta beseni la nguo. Cha kwanza kuanikwa kilikuwa suruali ya kaki ya afande.